Televisheni Isiyo na Betri

Kila Jumapili asubuhi, baada ya kufagia duka la babake na kuwapa mbuzi maji, Shufaa alipangusa vumbi kwenye televisheni. Ilikuwa imekaa miezi saba bila kuwaka. Umeme ulikuwa haujafika kwao Kabati, kwa hivyo ilitumia betri ya gari. Babake, Yakub, na baba yake mdogo, Amin, waliinunua pamoja. Kisha mbuzi wao tisa wa biashara wakafa ndani ya lori wakitoka Tseikuru. Kila mmoja alimlaumu mwenzake, wakagawana kila kitu. Yakub akachukua televisheni, Amin akachukua betri. Nyumba zao zilitazamana, lakini salamu hakuna.

"Televisheni yenu ni ya kutandikia kitambaa tu!" Kaluki, rafiki yake wa darasa la sita, alimtania. "Na ule mchezo wa kuigiza unaisha leo. Leo ndipo tutajua kama yule mzee atamsamehe bintiye."

Shufaa hakuvumilia. Alisukuma toroli hadi kwa Amin.

"Baba anaomba betri. Amesema uje jioni tutazame pamoja."

Amin aliduwaa. "Yakub amesema hivyo? Kwa kinywa chake?"

"Ndiyo, baba mdogo." Amin akaipakia betri kwenye toroli.

Nyumbani akamwambia babake, "Baba mdogo ametuma betri. Anaomba msamaha."

"Nilijua tu atachoka," Yakub akajisifu.

Saa moja jioni majirani walijaa sebuleni, Kaluki mbele kabisa. Kwenye mchezo, mzee alimfungia bintiye mlango.

"Huyu ni mjinga," Amin akasema.

"Mjinga kabisa," Yakub akaitikia.

"Mnamsema nani?" aliuliza mama yao, Nyanya Mwanahamisi, bila kugeuka. Watu wakaangua kicheko.

Amin naye alicheka. "Kaka, umefanya vyema kuniita. Si rahisi mtu kukubali kosa lake."

"Kosa langu? Si wewe uliyeomba msamaha?"

"Mimi? Nikuombe wewe?" Amin aliruka, akang'oa waya za betri. Picha ikatoweka.

Shufaa alikimbilia mlangoni. Amin akitoka na betri ile, hatarudi tena.

"Ni mimi!" akalia. "Niliwadanganya nyote wawili. Hakuna aliyemwita mwenzake."

Yakub alivua ndala.

"Mwache, kaka," Amin akasema taratibu, betri ikiwa bado kifuani. "Amekosa, ndiyo. Lakini nilipoambiwa umeniita, hata chai sikumaliza."

Yakub alibaki na ndala mkononi. Alimtazama bintiye, kisha akainamisha kichwa.

"Wale mbuzi niliwabana mno kwenye lori," akasema. "Nilijua tangu siku ile."

Amin aliweka betri chini, akarudisha waya. Televisheni ilipowaka, mtu alikuwa akisoma habari.

"Jamani! Alimsamehe au hakumsamehe?" Kaluki akapiga kelele.

Nyanya alimvuta Shufaa kando yake. "Usidhani uongo wako ndio uliowapatanisha. Uongo uliwaketisha tu, kila mmoja akijiona mshindi. Baada ya dakika chache wakagombana tena. Uliposema kweli, babako naye akaona haya kuficha yake. Ukitaka watu wapatane, waambie kweli, hata kama itakuchoma wewe kwanza."

"Nimesikia, nyanya."

"Vizuri. Na betri ikiisha moto, wewe ndiye utakayeisukuma kwenda kuchajiwa. Mwezi mzima."