Levina na Wakati Ujao

Msimu wa mavuno, pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga mjini Ifakara hupati hata pa kuweka mguu. Levina alikuwa amekalia gunia lake, gauni la kitenge cha manjano limejaa vumbi la pumba, midomo ikicheza: "Hablaré, hablarás, hablará..."

"Dada, hiyo ni sala ya novena au unaturoga?" aliuliza kijana mrefu aliyemfuatia kwenye foleni.

"Kihispania, kaka. Nitasema, utasema, atasema. Sisi tunabadilisha kichwa cha neno, wao mkia."

"Na 'nitakubebea gunia' inasemwaje?"

"Beba kwanza."

Akalibeba. Aliitwa Evarist, fundi pikipiki wa Katindiuka. Tangu siku hiyo simu hazikukatika. Levina alimweleza anachokisomea: kuongoza watalii kwenye milima ya Udzungwa.

"Utaniacha na spana zangu, mpenzi," Evarist alitania.

"Nikuache, nimchokoze nani?"

Ghafla Evarist akawa hapokei. Levina alipiga, akapiga tena, mpaka sauti kavu ikamjibu: "Mpigie huyo unayekwenda naye." Simu ikakatwa.

Levina akaduwaa. Kisha akakumbuka. Jana yake Evarist alimkuta kwenye baraza la shangazi yake Levina akiongea kwenye simu, "Te esperaré, iré contigo," akageuka na kuondoka bila kuaga. Kumbe alikwenda kuitafuta maana: nitakungoja, nitakwenda nawe.

Mwingine angejifungia alie. Levina alivaa gauni jekundu, akapaka wanja, akakodi bodaboda mpaka Katindiuka. Evarist alikuwa uani na pikipiki. Mama yake, Eufrasia, akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Hapana, mama. Nilikuwa nafanya mazoezi na Rosemery, tunayesoma naye. Yeye mtalii, mimi mwongozaji." Akamnyooshea Evarist simu. "Mpigie umuulize."

Evarist hakuigusa. Aliinamisha macho.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Niliogopa jibu."

Mama Eufrasia akaingilia: "Mke wa mtu hazunguki milimani na wazungu. Chagua, binti. Hayo masomo au mwanangu."

Levina aliinua kidevu.

"Mama, nakuheshimu. Sichagui. Nitaolewa, na nitasoma. Asiyeniweza na yote mawili aseme sasa hivi, niende zangu."

Ungo ukatulia. Evarist akajifuta grisi mikononi, akavuka ua, akasimama ubavuni kwa Levina.

"Mama, mimi namuweza. Levina, nisamehe. Nitatuma mshenga kwa baba yako, kule kijijini Mbingu."

Mama Eufrasia akaupepeta ule mchele kwa hasira, pumba zikawarukia wote wawili. Lakini hapana hakusema.

"Mshenga lini?" Levina aliuliza.

"Jumatatu."

"Jumatatu haiwezekani." Machozi yalikuwa yanamharibia wanja, kidevu bado kiko juu. "Jumatatu nina mtihani."