Ubavu wa Kiatu Usio na Mchubuko

Kila jioni, akishaosha vyombo, Chapuchapu alibeba ubao wake wa magurudumu kwenda uwanja wa saruji nyuma ya maktaba. Jina hilo alipewa na shangazi yake, maana binti huyu hata chai hakuingoja ipoe.

Mwezi uliopita, mmoja wa watoto wanaojifunza naye kuteleza alivunjika mkono kwenye ngazi tatu za uwanja huo. Tangu hapo kocha wao akapiga marufuku: hakuna kuruka ngazi mpaka uweze kuruka na ubao mahali tambarare. Chapuchapu alimwambia kuwa nyumbani anaruka vizuri kila siku. Kocha akamwamini, akampangia ngazi Jumamosi.

Ijumaa, baba yake, fundi viatu, alikuwa akishona soli za raba za binti yake. Alikigeuza kiatu cha kulia, kisha akakigeuza cha kushoto.

"Mwanangu, huo mruko wenu mnaurukaje?"

"Mguu wa nyuma unaupiga mkia wa ubao, baba, nao unainuka. Wa mbele unaulaza kidogo, unauburuza ubavu wa kiatu juu ya ubao mpaka mbele. Halafu unatua umekunja magoti."

"Na wewe unauburuza kila siku?"

"Ndiyo, baba."

Baba alimwekea mapajani kiatu cha kushoto, cha mguu wake wa mbele. "Juu ya ubao wako kuna msasa, na msasa haumwonei mtu haya. Mbona ubavu huu hauna hata mchubuko?"

Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze. Kweli, alikuwa akipiga mkia tu, na mguu wa mbele akiuondoa kwa hofu. Ubao haukuwahi kupaa naye hata mara moja. Machozi yakamtoka.

"Kesho ungevunjika," baba alisema taratibu. "Mimi nashona viatu, mama. Mifupa siiwezi."

Jumamosi alikiri mbele ya wenzake wote. Wengine waliguna, wengine wakacheka. Kocha akamrudisha tambarare, pamoja na watoto wa miaka minane. Aliona aibu, lakini aliimeza. Kwa wiki tatu alilaza mguu, akauburuza, akaanguka, akainuka. Wiki ya nne ubao ulipaa naye kimo cha tofali moja, ukatua sawasawa.

"Kocha, sasa ngazi?" aliuliza akihema.

Kocha hakucheka. Alichuchumaa mbele yake.

"Mwenzako aliyevunjika aliniambia maneno yale yale uliyoniambia wewe. Nikamwamini. Nikiuona mkono wake ulivyofungwa, usingizi hauji. Mazoezi yako ya nyumbani mimi siyaoni, binti yangu, naona kwa neno lako tu. Ukinidanganya unanifumba macho, na anayeanguka ni wewe. Ulipokiri ulinifumbua. Rudia mara kumi, kisha tuzungumze habari za ngazi."

Chapuchapu alirudi kwenye ubao, akaanza kuhesabu moja.