Karibuni Wateja

Magari yalikuwa yanaanza kuwasha taa tulipofika kuliangalia duka la kona. Mimi na mama watoto tulikuwa tumefunga duka letu la vyakula kule pembezoni, ambako unga uliingia wadudu kwa kukosa wateja. Safari hii tulitaka katikati ya jiji, penye watu. Tukikosea tena, wanetu watakula nini?

Dalali alitukabidhi ufunguo ng'ambo ya barabara. Hakuvuka. Nilimcheka moyoni, nikadhani anaogopa magari.

Tulikuwa na namna yetu ya kupima eneo: mke wangu anafungua na kusimama mlangoni, mimi nabaki ng'ambo, tunaongea kwa simu huku nikiangalia wapita njia.

Jamani, watu! Walifurika pale kona, wanambana mke wangu huku na huku. Nikafurahi kama mtoto.

"Unapata hata pa kupumulia?" nikamtania.

"Kwa watu gani? Huku hata paka hakuna."

Nikatazama vizuri. Umati wote ule... na sikusikia hata kiatu kimoja.

"Toka hapo," nikanong'ona.

Akadhani naendeleza utani. Muuza duka ni muuza duka tu, akashika kiuno, akapaza sauti: "Haya, kama mpo, karibuni wateja!"

Wakasimama.

Wote.

Harufu ya udongo mbichi ikavuka barabara. Wakaanza kuingia, taratibu, bila kusukumana...

"Baba watoto... nani kanishika mkono?"

Geti la chuma likashuka kwa kishindo. Nilivuka mbio, nikalisukuma juu. Ndani mlikuwa na vumbi tupu, wala halikuwa na alama ya mguu.

Niliporudi ng'ambo, dalali alikuwa bado palepale. "Aliwakaribisha?"

"Alitania tu!"

"Pale hatukaribishi mtu, kaka. Wakishakaribishwa..." Hakumalizia, na tangu siku ile hapokei simu yangu.

Kila jioni nawaacha watoto kwa shangazi yao, naenda kusimama ng'ambo. Duka huwa wazi. Namwona mke wangu nyuma ya kaunta, amekonda, anapima kwa mizani isiyo na kitu, anafungasha, anapima tena, mbele ya foleni isiyosogea. Nikivuka, geti liko chini; nikilisukuma juu, ni vumbi tupu. Naogopa, na sina la kufanya.

Jana simu iliita. Alikuwa yeye, ananong'ona.

"Baba watoto, nimechoka. Hawaishi. Nifunge saa ngapi?"