Hedifoni za Kipaza

Kila siku nikitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, napitia kibandani kwa mama. Mama ni fundi wa redio na simu. Kazi yangu ni kupokea vitu vya wateja na kubandika vikaratasi: kifaa ni cha nani, kina tatizo gani, nani amekipima. Hapo kwenye jina la aliyepima mama hana mzaha. Usipoliandika, kwake hujapima, umekisia.

Wiki ile roho ilikuwa inaniuma kwa sababu ya Kipaza, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Tulimwita hivyo kwa sababu haongei, anatangaza. Akikuomba kifutio, darasa zima linajua. Basi baba yake alimnunulia hedifoni nyeusi zinazofunika sikio lote, za bei ambayo ningeitaja kwetu ningeambiwa nikanawe uso kwanza. Mimi nilikuwa na zangu, mama alizifufua kwa gundi na vipande vya waya. Zilisikika vizuri tu. Lakini tangu nilipoziona za Kipaza, zangu nilizifungia sandukuni.

Nikaanza kumkwepa. Wenzetu walipozisifu, mimi nilisema, "Hela ya kuchezea hiyo. Sauti ni ile ile." Nilisema hivyo kila siku, hata mbele ya mama, na kila siku nilizitamani zaidi.

Alhamisi Kipaza alikuja kibandani. Mama alikuwa ameenda kununua vipuri.

"Fundi Mdogo, upande mmoja haulii," alisema, na kwa mara ya kwanza alisema polepole. "Baba anadhani nimeziangusha. Amesema zikishindikana, hanunui tena. Na mtihani ni Jumatatu."

Nilizivaa, nikazijaribu kwa simu yetu ya kupimia. Zikalia pande zote mbili, safi kabisa. Nikaichukua simu aliyokuja nayo, nikaona mara moja. Kwenye mipangilio, sauti ilikuwa imesukumwa yote upande wa kushoto. Kidole kilikuwa kimeteleza, basi. Ni jambo la kurekebisha kabla hujamaliza kupiga chafya.

Nilifungua mdomo nimwambie. Lakini zile hedifoni zilikuwa laini masikioni mwangu, na wivu ukanitangulia.

"Zimekufa," nikasema. "Walikuuzia feki. Ziache tu hapa."

Kipaza alichukua simu yake akaondoka. Nikaandika kikaratasi: Hazitengenezeki. Chini yake, kwa mazoea, nikaweka jina langu. Nilidhani ningefurahi. Jioni ile hata chakula kilinishinda.

Kesho yake mama alikiona kikaratasi. Alizivaa hedifoni, akazipima, kisha akaniangalia.

"Ulizipima kwa simu yetu?"

"Ndiyo, mama."

"Zikaliaje?"

Nilitazama sakafu. "Pande zote."

"Na simu yake je?"

"Sauti ilikuwa imesukumwa upande mmoja."

Afadhali angenigombeza. Alivua tu miwani yake ya kazi. "Funga kibanda. Twende ukazirudishe mwenyewe."

Sikuwa nimefika kwa akina Kipaza tangu walipohama. Baba yake alikuwa amekodi mashine ya kusaga nafaka, na familia ikahamia vyumba vya nyuma ya mashine hiyo. Mashine ile tulianza kuisikia tukiwa bado mbali. Tulipoingia ndani, vikombe vilikuwa vinagongana rafuni, na mama yake Kipaza alitukaribisha kwa kupiga kelele. Kumbe humo ndani kila mtu anatangaza.

Kipaza alikuwa ameinamia kitabu cha hesabu. Amejiziba masikio kwa vidole, na ukurasa anaufunua kwa kiwiko.

Nikasahau maneno yote niliyoyapanga njiani.

"Hedifoni ni nzima," nikasema.

"Sikusikii!"

"Hazikuwa mbovu! Nilikudanganya!"

"Eti nini?"

Nikavuta pumzi nikapaza sauti yote. Wakati huo huo baba yake akaizima mashine.

"Nilikuonea wivu!"

Nyumba nzima ilisikia. Hata wateja waliopanga foleni na mifuko yao waligeuka. Baba yake aliingia akijipangusa unga, akasikiliza habari yote kwa mama, kisha akamwambia bintiye, "Nisamehe, mwanangu. Nilikulaumu bure."

Mama alinigeukia. "Wiki nzima unasema hela ya kuchezea. Kwetu, kwenye utulivu, ingekuwa kweli, zako za gundi zinakutosha. Lakini hapa huyu amenunuliwa mahali pa kusomea. Ungekuja kumtembelea ungelijua hilo. Wivu ulikuzuia usije, kisha ukakufanya uandike uongo na kuuwekea jina lako. Jina hilo wateja wanaliamini, mwanangu, na kulirudisha ni kazi."

Akanipa kalamu na kikaratasi kipya. Nikaandika: Ni nzima. Aliyepima alidanganya. Chini yake nikaweka jina langu. Kisha nikaichukua simu ya Kipaza nikairekebisha ile sauti.

Kipaza alizivaa. Baba yake akawasha mashine, vikombe vikaanza tena, naye Kipaza akafunua ukurasa kwa mkono, taratibu. Baadaye akainua upande mmoja wa hedifoni, akanitangazia sikioni:

"Kesho nitakuja kusoma kwenu! Mwenzio nyumba yenu naionea wivu tangu tuhamie hapa!"