Kadi za Jumamosi ya Mvua

Sanduku la kadi lilikuwa tupu. Kombe lilikuwapo rafuni na runinga ukutani, havikuguswa. Kilichoibwa ni kadi sitini na mbili za alama za mashindano ya Jumamosi.

"Mwizi gani huyu, jamani?" Inspekta Elinipa aliuliza. Alikuwa ametoka Kibaha alfajiri hadi klabu hii ya gofu huko Kisarawe, na matope yalikuwa yamemfika magotini.

Kufuli lilikuwa zima. Bawaba zilifunguliwa kwa bisibisi, skrubu zikapangwa pembeni. Mwizi mstaarabu kweli! Alama za vidole hazikupatikana.

"Kadi hizi zina kazi gani?"

"Za kupangia hendikapu, afande," alijibu Justa, katibu wa mashindano. "Ile mipigo ya nyongeza anayopewa mchezaji, ili mnyonge acheze na hodari. Ukicheza vizuri tunakupunguzia. Ukivurunda, inapanda. Nilikuwa niziingize kwenye kompyuta leo."

"Nani alicheza vizuri?"

"Thubutu! Mvua ilitupiga kutwa. Wote walivurunda."

"Kwa hiyo wote wangepanda."

"Wenyewe ndivyo walivyodhani, na wakafurahi. Ukipanda, mashindano yajayo unapewa mipigo zaidi."

Elinipa alifunga daftari. "Basi nitajie mtu ambaye angelia akipanda."

"Latifu," alisema Justa kwa shida. "Anaomba kazi ya ukocha hapa. Sharti ni hendikapu isiyozidi nne. Yeye ana nne kamili, na usaili ni leo saa nane mchana."

Walimkuta kwake Maili Moja. Elinipa alichokoa majivu kwenye jiko la mkaa, akatoa kona ya kadi iliyoungua. Saini ya mchezaji ilikuwa bado inasomeka.

"Hii ni kadi ya klabu," alisema Justa.

"Ulipiga ngapi Jumamosi?" Elinipa alimuuliza Latifu.

"Mipigo themanini na moja, afande. Siku nzuri sizidi sabini na sita."

"Bisibisi iko wapi?"

Latifu aliitoa mwenyewe chini ya kochi.

"Nimebeba mikoba ya wachezaji miaka kumi na nane," alisema. "Mpaka nikajifunza kucheza. Leo kadi moja ya mvua iniharibie? Ningechukua yangu peke yake mngenijua. Nikachukua zote, nikachoma."

Justa aliketi kwenye stuli bila kukaribishwa.

"Latifu, kwa nini hukuniuliza? Siku ikiwa mbaya kwa wote, kompyuta inalinganisha kadi zote na kumsamehe kila mtu baadhi ya mipigo. Nilizipitia Jumamosi kabla sijafunga. Yako ndiyo ilikuwa bora kuliko zote. Usingepanda hata chembe."

"Mbona hatujawahi kuambiwa?"

"Ubaoni huwa tunabandika namba tu."

"Si uziandike upya, dada Justa? Unazikumbuka."

"Bila saini haziingii." Justa alianza kulia. "Afande, hatuwezi kuyamaliza hapa hapa?"

Elinipa alitamani, tena sana. Lakini jalada lilishafunguliwa asubuhi, lina namba, na mwenyekiti wa klabu alishapiga simu mkoani mara mbili.

"Ningekuwa na uwezo, ningefanya," alisema. Roho ilimuuma. Akatoa pingu.

"Naomba nibadili shati kwanza, afande," alisema Latifu. Alilolivaa lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, karatasi ya dukani bado imo ndani ya kola. "Hili ni la usaili."

Elinipa alitazama saa. Ilikuwa saa saba kasoro robo.

"Badilisha," alisema, akageukia ukutani kumsubiri.