Miezi Mitatu ya Angel

Soko la Tengeru lilifurika Jumamosi ile, na Lemburis, kijana wa Terrat mwenye shuka jekundu na mabega ya kumsahaulisha mtu nauli, akakanyaga raba nyeupe za mgeni.

"Kaka, soko lote hili, umeona mguu wangu tu?"

"Samahani, dada. Mguu wangu unajua kuchagua."

Mgeni akacheka. Ndivyo moto unavyowaka, msiniulize nimejuaje.

Aliitwa Angel, mtu wa Nakonde, Zambia, ng'ambo tu ya Tunduma, ndiyo maana Kiswahili hakikumpa shida. Alikuja kutalii Mlima Meru. Mzambia haombi viza kwetu, ila miezi mitatu ikiisha, mtalii arudi kwao. Mlima ulimchosha mapema. Lemburis hakumchosha.

"Malkia, ukiondoka nitapiga soga na nani?"

"Na mbuzi wako. Wao hawanuni ovyo."

Wiki ya mwisho Lemburis akampeleka bomani kwao. Angel kavaa kitenge cha kijani, akainamisha kichwa kwa wazee, wakamgusa utosini, ndiyo salamu ya huko. Baba yake Lemburis, mzee Yiamat, akamkabidhi kamba ya kondoo jike bila kusema neno. Kwa Waarusha, ndugu wa Wamaasai na kabila la kina Lemburis, ukimpokea huyo kondoo, wewe na mkwe mnaitana Paker maisha yenu yote. Umeshakuwa mke wa boma. Angel alidhani anaagwa.

"Asante, baba! Mchinjeni tule wote, maana Jumatatu naondoka."

Kondoo wa ukwe, achinjwe! Lemburis akachukua fimbo akafuata ng'ombe, simu kaizima. Angel akabaki chumbani kwake mjini, akila ndizi baridi peke yake, akijua kachokwa. Jumatatu akapanda basi.

Alipofika mpakani, akiwa ameshagongewa muhuri wa kutoka, akajaribu tena kumpigia Lemburis. Safari hii simu ikaita.

"Lemburis, mama mmoja wa Kimaasai kwenye basi kanieleza habari ya yule kondoo. Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umetukataa."

"Nilidhani mnaniaga, we mwanaume!"

"Rudi basi."

"Miezi yangu imekwisha, mpenzi."

Upepo wa Terrat ukavuma ndani ya simu. Ng'ombe akalia kwa mbali.

"Huko kwenu Mtanzania akija kutalii anakaa muda gani bila viza?"

"Mitatu vilevile."

"Na mume?"

Angel akakaa juu ya begi lake katikati ya malori, akafunika uso kwa kiganja.

"Mume sijui," akasema. "Hajaja bado hata mmoja kuuliza."