Namba Iliyosagwa

Betri ilikuwa mezani na injini haijawashwa wiki nzima, lakini boneti ya gari ilikuwa ya moto. Orville Pruitt aliigusa, akajiambia ni jua. Jua gani la mwezi wa pili hapa mjini Flint, na theluji imejaa uani?

Mimi nasema alijua sababu. Gari lile la mwaka sitini na sita lilitoka kiwandani na silinda sita, na karatasi ya kiwanda aliyoikuta chini ya springi za kiti cha nyuma ilisema hivyo. Lakini Orville alitaka kombe la maonyesho ya magari ya zamani, ambako waamuzi hupiga magoti na tochi kusoma namba ya injini. Basi akachukua injini ya silinda nane kutoka gari lililopondeka na mwanamke ndani, akaisaga namba yake, akagonga ya uongo ili ionekane ndiyo injini ya asili. Karatasi akaichoma. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Siku ya tatu tangu aiguse boneti, mchana kweupe, mkewe Earlene alikuwa akikaanga nyama.

"Orvi, una mgeni gerejini? Kuna mwanamke anahesabu."

"Hakuna mtu."

"Msikilize. Nane, mbili, tano, tisa... halafu anakwama."

Kufikia Jumapili Earlene mwenyewe ndiye aliyekuwa akihesabu, kanisani katikati ya wimbo, kwa sauti nzito isiyo yake, huku harufu ya petroli ikimtoka mdomoni, na alipoitwa jina hakugeuka, na dada yake alipomkumbatia alimtazama kama mtu wa barabarani.

Orville alimkimbilia mzee Cleophus Tate, aliyegonga namba za injini kiwandani miaka thelathini. Mzee alipofika gerejini alinusa tu mlangoni.

"Umeisaga?"

"Mzee, mimi..."

"Usinizungushe!"

"Nimeisaga, ya lile gari lililopondeka."

"Mjinga wewe! Ajali ile naikumbuka: yule mwanamke alikufa injini imembana kifuani. Namba ile ndiyo kaburi lake. Umelibomoa, sasa anahamia kwa mkeo. Mrudishie namba yake."

Chuma kikigongwa huumia hadi ndani, hata ukikisaga. Cleophus akapaka tindikali, na tarakimu zikaibuka moja moja, na Earlene, aliyesimama ukutani, akazitamka: nane, mbili, tano, tisa. Tarakimu ya tano, ya mwisho, haikuibuka. Grinda, ile mashine ya kusagia, ilikuwa imekula chuma sana.

"Nina vitabu vya kiwanda nyumbani," Cleophus alinong'ona. "Nipe saa moja. Usiguse kitu! Ukikosea, atakayelala humo si yeye."

Akaondoka. Haikupita nusu saa Earlene akaanguka, midomo imekuwa ya bluu, kifua hakipandi, na Orville akampigapiga mashavu akilia, "Earlene, mke wangu, usiniache, Yesu wangu, usiniache," na mkono wake, uliozoea kughushi, ukachukua nyundo na kugonga namba sita kwenye nafasi tupu.



Earlene akavuta pumzi. Akaketi, akajipangusa sketi, rangi imemrudia usoni. Orville alimkumbatia, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Asante, bwana," alisema mwanamke, kwa upole, lakini kwa sauti ile nzito. "Mimi niende zangu sasa. Wananingoja nyumbani miaka mingi."

Akatembea hadi barabarani bila koti, wala hakugeuka. Orville alitaka kumfuata, ila ndani ya injini kitu kiligonga chuma, taratibu, mara mbili.

"Orvi?" ilisema sauti aliyolala nayo miaka ishirini. "Mbona pamebana hivi? Nitoe."